Akiba ya Bia Huoza

Februari mwaka jana mjomba wangu alinipigia simu nikamsaidie kuhama. Alikuwa anatoka Kimara anahamia Kibaha, kwenye nyumba yake mwenyewe aliyoijenga kidogo kidogo kwa miaka tisa, na kazi aliyonipa ilikuwa moja tu: kufungasha kabati la sebuleni. Friji, vitanda na masufuria waliachiwa vijana wa kirikuu. Kabati hapana. Kabati lilitaka mtu wa ndani.

Ndani ya kabati hilo kulikuwa na chupa 23 za bia.

Nieleweke mapema, maana najua jarida hili linasomwa mpaka na walezi wa hosteli. Sizungumzii bia za kreti tunazozijua. Nazungumzia bia za viwanda vidogo vya Ubelgiji, Uingereza na Marekani, zinazopikwa mapipa machache kwa wakati mmoja, ambazo huko zina watu wanaozikusanya kama wengine wanavyokusanya stempu. Mjomba alisoma shahada ya pili Leuven, Ubelgiji, na baadaye kazi ikawa inamrudisha kule karibu kila mwaka mpaka 2019. Kila safari alirudi na chupa nne, tano, zimeviringishwa kwenye soksi na masweta. Zikifika zinaingia kabatini, na zikishaingia hazitoki. Kabati lenyewe lilikuwa na milango ya kioo, limesimama ukutani mkabala na dirisha la magharibi, ili mgeni akikaa tu azione.

Babu alikuwa akishuka kutoka Marangu kila mwaka kwa ajili ya kliniki ya macho. Alikuwa anaketi kwenye kiti kile kile, anaangalia chupa fulani nyeusi nene, bia ya watawa, na swali lake halikubadilika: "Hii tutakunywa lini?" Mjomba naye jibu lake halikubadilika. "Bado haijaiva, mzee. Ikifika wakati tutaifungua mimi na wewe." Akiona Babu hajaridhika, anaongeza: "Akiba haiozi."

Bibi, ambaye amepika mbege tangu kabla mama yangu hajazaliwa, aliwahi kumjibu kwamba methali hiyo ilitungwa na mtu ambaye hajawahi kupika pombe.

Babu alifariki mwaka 2021. Chupa ilikuwa bado iko kabatini.

Sasa, kwenye kozi ya mbinu za kufundishia tunaambiwa kwamba somo zuri huanzia pale mwanafunzi alipo, kwenye kile anachokiamini tayari, hata kama si sahihi. Mjomba aliamini, na mimi niliamini pamoja naye, kwamba bia ni kama mvinyo wa kwenye sinema: ukiuacha unazidi kuwa mtamu na unazidi kuwa na thamani. Jumamosi ile, makochi yakiwa yameshatoka na sebule inatoa mwangwi, mjomba alilitazama kabati kwa muda mrefu, akaniambia nilete bilauri. Tulifungua chupa 16 tukionja funda moja moja. Baadaye nilitumia sehemu kubwa ya likizo kusoma nilichokuwa nimekionja, na makala hii ni matokeo ya kusoma huko.

Tuanze na zilizokufa. Chupa 11 zilikuwa bia nyepesi au za aina inayoitwa IPA, yaani bia yenye hopi nyingi. Hopi ni maua ya mmea unaotambaa, hayo ndiyo yanayoipa bia uchungu wake na, kwenye IPA, harufu ya maganda ya machungwa, ya embe, ya majani mabichi. Zote 11 zilimwagwa kwenye sinki. Hakukuwa na chungwa wala embe. Chupa mbili za kioo cha kijani zilitoa harufu iliyomfanya binti wa jirani aulize kama kuna mnyama amekufa darini. Nyingine zilikuwa na ladha ya boksi lililonyeshewa mvua.

Kumbe kila harufu ile ina maelezo yake. Bia ina maadui watatu wakubwa: mwanga, oksijeni na joto. Mwanga ukiipiga chupa, zile asidi za hopi zinazoleta uchungu huvunjika na kutengeneza kemikali yenye salfa, ya ukoo mmoja na ile inayotoka kwa kicheche akitishwa. Kiasi kidogo mno kinatosha kunuka. Chupa ya kahawia inazuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ya kijani inazuia kidogo tu, na ile nyeupe inayopitisha kila kitu haizuii chochote cha maana. Ndiyo maana chupa nyingi za bia ni za kahawia, si mapambo. Kabati la vioo mbele ya dirisha la magharibi ni kama kuziweka chupa za kijani kwenye jiko la jua.

Oksijeni inafanya kazi polepole zaidi. Hata kiwandani wakijitahidi vipi, hewa kidogo hubaki juu ya bia chini ya kifuniko, na nyingine hupenya pembeni mwa kifuniko miaka inavyokwenda. Ikishika bia inaua harufu ya hopi kwanza, halafu inaleta ladha ya karatasi na boksi. Hiyo ya boksi ina jina, inaitwa nonenali, na wapika bia wanaijua kama sisi tunavyoijua sapu.

Joto halileti ladha mpya peke yake. Linachofanya ni kuharakisha yote hayo. Wapika bia wana kanuni yao ya makadirio ambayo, nilipoisoma, nilifunga kompyuta nikatoka nje kupunga upepo: bia iliyokaa siku 3 kwenye nyuzijoto 32 za Selsiasi imezeeka sawa na iliyokaa siku 30 kwenye nyuzijoto 22, au siku 300 kwenye nyuzijoto 3. Ni kanuni ya mkono tu, si sheria ya fizikia, na inahusu zaidi bia za kawaida. Lakini hebu fikiria sebule ya Kimara mwezi wa pili saa tisa mchana. Halafu zidisha kwa miaka mitano, sita, kumi. Mjomba alikuwa anadhani anaziivisha, kumbe alikuwa anazichemsha taratibu.

Wenye viwanda wanajua haya, na wapo wanaowaambia wateja wazi. Kuna kiwanda cha California kinaitwa Russian River, kiko Santa Rosa, kinapika IPA kali maarufu sana inayoitwa Pliny the Elder. Lebo yake imejaa maonyo yanayomsihi mnunuzi aiweke kwenye baridi, ainywe ikiwa mbichi, asiiweke akiba. Imeandikwa pale pale kwenye chupa. Na bado wapo watu wanaoiweka kabatini. Adimu ina nguvu kuliko maandishi.

Basi je, Bibi alikuwa sahihi kabisa? Hapana, na hapa ndipo somo linapopata utamu. Katika zile 16 kulikuwa na geuze moja. Mjomba alipoifungua kizibo kilitoka kwa kishindo, kama siku iliyofungwa. Ilikuwa chachu, kali, ina harufu ya tufaha na ya zizi kwa mbali, na ilikuwa hai. Miaka minane, Kimara, mbele ya dirisha.

Geuze ni bia ya Brussels na vijiji vya jirani. Inatokana na lambiki, na lambiki haitiwi hamira ya dukani. Maji ya nafaka yakishachemshwa hupelekwa darini kwenye beseni kubwa la bapa, yanalazwa humo usiku kucha kwenye miezi ya baridi, na hamira na bakteria wa hewani wanajiingilia wenyewe. Kisha inawekwa kwenye mapipa ya mbao mwaka mmoja, miwili, mitatu. Mpishi anachanganya changa na kongwe, anafunga chupani, na inachachuka tena humo humo. Kiwanda cha Cantillon, kitongoji cha Anderlecht, kilichoanzishwa mwaka 1900, kinafanya hivyo. Kilichonifurahisha ni kwamba wao hutumia hopi zilizozeeka makusudi, zilizokwisha harufu, kwa hiyo hakuna harufu ya hopi ya kupoteza. Uchachu wenyewe unazuia vijidudu viharibifu, na ile hamira ya mwituni iliyobaki hai chupani huendelea kula oksijeni inayoingia. Geuze iliyotunzwa vizuri inakaa miaka 10, hata 20.

Aina ya pili inayostahimili ni bia nzito na nyeusi zenye kilevi kingi, kuanzia asilimia 8 hivi kwenda juu, hasa zile zenye hamira hai ndani ya chupa. Kilevi na rangi nyeusi ya kimea vinazilinda, na hata oksijeni ikizishika haileti boksi peke yake, inaleta pia zabibu kavu, tende na asali. Mfano unaotajwa sana ni Thomas Hardy's Ale ya Uingereza. Ilipikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1968 na kiwanda cha Eldridge Pope mjini Dorchester, kumkumbuka mwandishi Thomas Hardy miaka 40 baada ya kifo chake, na waliomba kabisa watu waiweke; walisema inaweza kuendelea kuboreka kwa miaka 25. Hiyo ni bia iliyotengenezwa ili ingojwe. Mpishi ndiye aliyepanga kusubiri kuwepo, si mnunuzi aliyejiamulia.

Lakini hata zenyewe zina mwisho. Mwaka 2010 wapiga mbizi walikuta chupa za bia kwenye meli iliyozama miaka ya 1840 karibu na visiwa vya Åland, Finland. Chini ya bahari kuna giza, kuna baridi, hakuna jirani wa kuomba kuonja: stoo bora kuliko zote. Wanasayansi wa Finland walizifungua na kuzipima. Taarifa yao inataja ladha ya mpira ulioungua, jibini iliyopitiliza na mbuzi. Mbuzi, ndugu msomaji.

Kwa hiyo tofauti ya kutunza na kuhodhi haiko kwenye idadi ya chupa. Nilidhani hivyo mwanzoni: mwenye chupa tano ni mtunzaji, mwenye chupa mia tano ni mhodhi. Lakini ukiangalia wale wanaofanya kazi hii vizuri, unaona mtu anaweza kuwa na mia tano na asiwe mhodhi. Anakuwa na chumba chini ya ardhi chenye nyuzijoto 10 mpaka 13, giza, chupa zimesimama wima. Anakuwa na daftari. Hanunui chupa moja, ananunua tatu au nne za aina ile ile: moja anaifungua wiki hiyo hiyo ili ajue ilivyoanza, nyingine baada ya mwaka, nyingine baada ya miaka mitatu, na kila mara anaandika. Usipoonja mbichi, kongwe utailinganisha na nini? Mwalimu asiyetoa jaribio la mwanzo hawezi kudai darasa limepanda. Na mtu huyo anajua, kwa kila chupa, angalau kwa kukadiria, itafunguliwa lini na mbele ya nani.

Mjomba hakuwa na daftari. Alikuwa na kioo.

Na si yeye peke yake. Watawa wa abasia ya Mtakatifu Sixtus, Westvleteren, Ubelgiji, wanapika bia kiasi cha kuendesha maisha yao tu, hawataki kukuza biashara. Bia yao nyeusi, ile namba 12, ina kilevi cha asilimia 10 na kitu, na kwa miaka mingi wapenzi wa bia wameitaja kuwa miongoni mwa bora duniani. Ili isiishie mikononi mwa walanguzi, watawa waliweka utaratibu: unapiga simu, unatoa namba ya gari lako, unapewa kreti chache, unaahidi hutauza. Simu ilikuwa haishikiki; mwaka 2019 wakahamia kwenye oda za intaneti. Mwaka mmoja kabla, duka kubwa moja la Uholanzi liliipata kwa njia za panya na kuiuza karibu euro 10 kwa chupa, mara kadhaa ya bei ya abasia, na watawa walilalamika hadharani. Halafu kuna wale wanaoinunua kwa bei hiyo, wanaipiga picha, wanaiweka rafuni. Bia iliyopikwa na watu walioapa umaskini inageuka kuwa kombe la ushindi.

Kwa nini tunafanya hivi? Somo la saikolojia ya elimu limenipa vipande viwili vya jibu. Cha kwanza ni jaribio la vikombe la Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler, lililochapishwa mwaka 1990. Nusu ya wanafunzi walipewa vikombe vya chuo, nusu hawakupewa, kisha wakaruhusiwa kuuziana. Waliopewa walitaka kama mara mbili ya bei ambayo wenzao walikuwa tayari kulipa. Kikombe kile kile, dakika chache tu tangu kiwe chako, na tayari ni ghali. Cha pili ni utafiti wa Thaler huyo huyo na Eldar Shafir, mwaka 2006, na wenyewe ulihusu mvinyo. Waliwauliza wakusanyaji: ulinunua chupa kwa dola 20, leo inauzwa dola 75, ukiinywa leo unahisi imekugharimu kiasi gani? Zaidi ya nusu walijibu kwamba haiwagharimu kitu, au hata wameokoa pesa. Siku ya kununua walihesabu wanawekeza. Siku ya kunywa wanahesabu ni ya bure. Yaani hakuna siku ambayo mtu anajiona anatumia.

Nilimsomea mjomba utafiti huo kwa simu. Akacheka, kisha akanyamaza. Akasema kwake ilikuwa kinyume: kila mwaka uliopita, chupa ya Babu ilizidi kuwa ghali kichwani mwake, mpaka ikafika mahali hakuna siku ya kawaida iliyoweza kuilipa. Kliniki ya macho haikutosha. Krismasi haikutosha. Alikuwa anangoja nyumba ya Kibaha iishe.

Niseme pia, kwa haki, kwamba kuna kulimbikiza ambako ni ugonjwa. Tangu mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unautambua peke yake: mtu anashindwa kuachana na vitu bila kujali thamani yake, mpaka nyumba haikaliki. Huyo anahitaji msaada wa daktari, si makala ya mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Mjomba hana ugonjwa huo. Ana kile ambacho wengi wetu tunacho. Ukitaka kuhakikisha, fungua simu yako uhesabu madesa uliyopakua tangu mwaka wa kwanza, uniambie mangapi umeyasoma. Mimi nilikuta faili 614, na mengine ni ya kozi ambazo sikuwahi kusajili.

Upande wa pili wa mlima wetu huu wa bia yuko Bibi na mbege yake. Ndizi mbivu zinachemshwa, zinaachwa zichachuke siku kadhaa, zinachanganywa na uji wa kimea cha ulezi, gome la msesewe linatoa uchungu. Ikishaiva ina kama siku moja ya utamu. Siku zinazofuata inakuwa kali na chachu, na baada ya hapo hakuna mtu mwenye heshima zake atakayeikubali. Hivyo Bibi hapiki mpaka ajue wanywaji. Kuna kipaimara, kuna kikao cha ukoo, kuna mahari inaletwa: anahesabu siku kurudi nyuma kutoka siku ya tukio, ndipo anakata mkungu. Tarehe na watu vinatangulia, pombe inafuata. Sisemi mbege ni bora kuliko geuze. Mbege iliyolala ni mateso, na tusijidanganye kwamba kila cha kwetu ni hekima. Bibi angekuwa na friji ya viwandani labda na yeye angehodhi. Ila kalenda yake ndiyo ile ile ya mtunzaji mzuri wa Brussels. Anajua lini na kwa nani.

Jioni ile ya Kimara zilibaki chupa saba ambazo hatukuzifungua: nne za watawa na geuze tatu. Stauti mbili tulizionja zikawa na ladha ya mchuzi wa soya. Za watawa mbili tulizofungua zilikuwa zimechoka lakini hazijafa. Mjomba alipeleka tano Kibaha, ndani ya kabati lisilo na kioo, kwenye chumba kisichopata jua. Geuze mbili alinipa mimi. Moja niliinywa na rafiki zangu wawili baada ya mazoezi ya kufundisha, na mmoja wao alisema ina ladha ya siki ya kachumbari, na hakuwa amekosea sana. Ya pili nilisema nitaifungua siku ya mahafali, Novemba. Kwa kuwa hosteli hairuhusu pombe, niliipeleka Marangu Desemba tulipopanda kwa Krismasi.

Desemba hiyo mjomba alibeba ile ya Babu. Ile yenyewe, nyeusi nene. Tuliifungua kihambani, kati ya migomba, kaburi la Babu liko hatua kumi kutoka hapo. Mjomba alimimina ya kwanza chini, kama inavyofanywa, halafu tukagawana wanne: yeye, Bibi, mama na mimi. Nilikuwa nimejiandaa kwa boksi. Lilikuwepo, mwishoni mwa funda. Lakini kabla yake kulikuwa na zabibu kavu na sukari iliyoungua, na povu dogo lilisimama. Ilikuwa inanyweka. Nadhani mjomba angeumia kidogo zaidi, au kidogo kuliko vile, kama ingekuwa imeoza kabisa, sijui. Alikunywa yake akaweka bilauri chini akasema, "Miaka sita iliyopita hii ilikuwa kitu kingine kabisa." Bibi akamuuliza amejuaje, wakati hakuwahi kuionja.

Jambo lingine nililigundua siku hiyo wakati natafuta pa kuweka chupa yangu. Nyuma ya nyumba kuna stoo ya kahawa ya Babu, ukuta wa mawe, dirisha dogo lenye mbao, imekaa kivulini mwa migomba mwaka mzima. Niliweka kipimajoto cha maabara nilichoazima, kikasoma nyuzijoto 18 saa saba mchana. Si 12 za Brussels, lakini ukilinganisha na Kimara ni Ulaya. Mjomba alikuwa anasafirisha chupa kutoka Ubelgiji kupita angani juu ya stoo bora aliyokuwa nayo, na mwenye stoo ndiye aliyekuwa anauliza itafunguliwa lini. Angempa tu chupa aondoke nayo.

Geuze yangu iko humo sasa, imesimama wima, nimeifunga gunia. Inaweza kusubiri Novemba bila shida yoyote, hata Novemba ya miaka mitano ijayo. Bibi ana miaka 81 na Januari alianguka jikoni. Nimeshakata tiketi ya basi la Alhamisi kabla ya Pasaka. Nilipompigia kumwambia tutaifungua, hakuuliza ya nini wala ya wapi. Aliuliza tutakuwa wangapi, na akasema mimi nitumie bilauri nikitaka, yeye atakunywa kwa kata.